Kulisha mgonjwa kwa mpira wa puani nyumbani: vipimo, hesabu ya chakula na makosa yanayogharimu maisha

#1 Muuguzi wa Zamu

Wadau, habari za saa hizi. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanaouguza nyumbani mtu aliyeruhusiwa hospitali akiwa na mpira wa kulishia puani, hasa wagonjwa wa kiharusi wasioweza kumeza. Pia ni kwa wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, maana ndugu huwakimbilia wao mambo yakiharibika. Wataalamu wa lishe na wafamasia, karibuni mjazie.

Naanza na mpira wenyewe. Nje ya paketi pana namba, na mdomo wa mpira una rangi inayolingana na namba hiyo: 8 ni bluu, 10 nyeusi, 12 nyeupe, 14 kijani, 16 rangi ya chungwa, 18 nyekundu. Gawanya namba kwa 3 upate upana wa nje kwa milimita, kwa hiyo namba 12 ina milimita 4. Kwa mtu mzima anayelishwa chakula cha kusagwa nyumbani, 12 au 14 inatosha. Namba 8 na 10 ni laini kwa pua, ila chakula cha jikoni huziziba upesi. 16 na 18 ni za kutoa uchafu tumboni. Ukiziacha puani wiki nzima zinakwangua pua na koo.

Mipira ya plastiki ya kawaida ndiyo inayopatikana zaidi kwetu. Tindikali ya tumbo huikausha ikawa migumu kama mrija wa soda, ndiyo maana tunaibadilisha kila baada ya siku 7 hivi, tukihamia tundu la pili la pua. Ile laini ya polyurethane au silikoni inakaa wiki 4 hadi 6, au kadiri mtengenezaji alivyoandika kwenye paketi.

Kuingiza mpira ni kazi ya muuguzi au daktari, nyumbani hapana. Ila ndugu ajue urefu ulipatikanaje: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha kushuka hadi chembe ya moyo. Kwa mtu mzima mara nyingi inaangukia kati ya sm 50 na 60. Mpira ukishathibitishwa kuwa uko tumboni, weka alama ya wino usiofutika PALE PALE unapotokea puani, na uandike namba ya sentimita kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda. Alama hiyo itakuambia mengi kwa miezi yote ya kuuguza.

Plasta: kata kipande cha sm 8, kipasue katikati hadi nusu kiwe kama suruali. Kiuno cha suruali kinakaa juu ya pua iliyofutwa mafuta. Mguu mmoja unauzungusha kwenye mpira kwenda kulia, wa pili kushoto. Mpira utoke ukining'inia katikati ya tundu, usibane ukingo wa pua, maana ukibana siku mbili tu utaona wekundu, ya nne kidonda. Badilisha plasta kila siku na usogeze kidogo mahali inaposhika.

Kabla ya kila mlo fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Tazama alama, iko pale pale? Mulika mdomoni kwa tochi ya simu, mpira haujajikunja nyuma ya koo? Halafu vuta taratibu kwa bomba la sindano la ml 50 au 60, upate tone la majimaji la kuweka kwenye karatasi ya pH (inayopima ukali wa tindikali). Nusu mililita inatosha. Ikisoma 5.5 au chini, uko tumboni, lisha. Ikizidi 5.5, usilishe. Subiri saa nzima bila kuweka kitu, kisha rudia.

Nitarudi na hatua za kulisha.

#2 Mwalimu wa Wodi

Asante sana mkuu. Naomba hapo hapo tuzungumzie ule mtindo wa kusukuma hewa kwa bomba huku unasikiliza tumbo kwa stetoskopu. Bado unafundishwa sehemu nyingi na bado unaaminiwa. Ukweli ni kwamba hewa ikisukumwa kwenye mpira ulioingia pafu la kushoto kwa chini, au uliokwama kwenye umio, mlio unasikika tumboni vilevile. Sauti husafiri. Uingereza waliupiga marufuku mwaka 2005 pamoja na karatasi za litimasi za bluu, kwa sababu litimasi inageuka nyekundu hata kwa makohozi yenye tindikali kidogo. Na kule kumlisha mtu kupitia mpira uliopotea njia kumewekwa kwenye orodha ya makosa ambayo hayapaswi kutokea kamwe.

Mtindo mwingine wa hatari ni kutumbukiza ncha ya nje ya mpira kwenye glasi ya maji kutazama mapovu. Mgonjwa akivuta pumzi na mpira uko kwenye njia ya hewa, anavuta maji yale.

Na tusiseme "hakukohoa, kwa hiyo uko salama". Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupoteza hisia za koo kiasi cha kuingiziwa mpira kwenye koo la hewa akatulia kimya. Mpira mpya ambao hautoi majimaji yenye tindikali unahitaji eksirei ya kifua kabla hata ya tone moja la maji kupita.

#3 Muuguzi wa Zamu

Umenena vyema mwalimu. Nyongeza kwa wanaovuta wakapata hewa tupu: mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, ingiza hewa ml 10 hadi 20 kusukuma ncha ya mpira mbali na ukuta wa tumbo, subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena taratibu. Ukivuta kwa nguvu ncha inanyonya ukuta na hutapata kitu.

Anayetumia omeprazoli au dawa nyingine za vidonda vya tumbo, pH yake inaweza kukaa 6 ingawa mpira uko mahali pake. Hivyo pima kabla dozi ya asubuhi haijaingia, na siku zote tazama alama ya sentimita pamoja na rangi ya majimaji. Vikipishana, rudi kituoni. Akitapika, akikohoa mfululizo au plasta ikikutwa imebanduka, hesabu mpira kuwa umehama mpaka uthibitishe.

Sasa kulisha. Mwinue mgonjwa digrii 30 hadi 45. Mito miwili chini ya kichwa haihesabiki, inakunja shingo tu na kubana tumbo. Kinachoinuka ni kiwiliwili kuanzia nyonga: ama kichwa cha kitanda kinawekewa matofali, ama kiti cha plastiki kinapinduliwa nyuma ya godoro mgongo wake uwe mteremko. Abaki hivyo mlo mzima na dakika 30 hadi 60 baada yake. Kugeuzwa na kuoshwa kufanyike kabla ya kula.

Bana mpira kwa vidole, chomoa kisukumio cha bomba, unganisha ganda la bomba na mpira. Mimina maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, ml 30. Kabla hayajaisha mimina chakula, usiache ganda likauke maana hewa itaingia. Chakula kishuke chenyewe kwa uzito wake, bomba likiwa juu ya tumbo kiasi cha sm 30. Ukiinua kinaenda haraka, ukishusha kinapungua, hiyo ndiyo gia yako. ML 300 zichukue dakika 15 hadi 30. Malizia na maji ml 30, bana mpira, toa bomba, funga kifuniko.

Kusukuma kwa kisukumio ili umalize upesi ndiko kunakoleta kutapika, na mtu asiyemeza akitapika anapaliwa. Homa ya mapafu hufuata ndani ya siku mbili tatu tu.

#4 Lishe Moro

Naomba nitie nguvu kwenye kitu ambacho hakionekani kwa macho: mgonjwa ana mpira mzuri, analishwa mara sita kwa siku, tumbo linajaa, na bado anakonda hadi mbavu zinahesabika. Sababu ni uji.

Tuhesabu. Uji unaopita kwenye mpira bila shida una unga wa gramu 50 hivi kwa lita. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 360, kwa hiyo lita ile ina 180. Weka sukari vijiko viwili vya chakula, kama kilokalori 100. Jumla 280. Ukimpa lita moja na nusu kwa siku amepata 420 na protini gramu 6. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani 1,500 hadi 1,800, na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, yaani 60 hadi 90. Anapata robo ya nguvu na sehemu ya kumi ya protini. Supu ya mifupa iliyochujwa haiokoi chochote hapo. Harufu yake inatupa moyo, lakini ni maji, chumvi na mafuta kidogo. Kidonda cha mgongo cha mgonjwa huyo hakitafunga hata ukikisafisha kwa dawa ya bei gani.

Huu ni mchanganyiko wa siku moja kwa mtu wa kilo 60 asiye na kisukari wala ugonjwa wa figo:

Maziwa ya ng'ombe lita 1 (kilokalori 640, protini 33). Unga wa mahindi au mtama gramu 100 (360, protini 8). Mayai 3 yaliyochemshwa yakakauka ndani (210, protini 18). Mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula (360). Siagi ya karanga laini vijiko 2 vya chakula (190, protini 8). Sukari gramu 20 (80). Chumvi robo kijiko cha chai.

Jumla ni kama kilokalori 1,840 na protini gramu 67. Pika uji kwa maji kiasi cha nusu lita pamoja na sehemu ya maziwa, utokote dakika 10 na zaidi. Ongeza maziwa yaliyobaki yaliyochemshwa, mayai yaliyovunjwavunjwa, karanga, mafuta. Saga kwenye blenda dakika 3 kamili, si sekunde 30. Chuja mara mbili kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Ongeza maji yaliyochemshwa hadi ujazo ufike lita 1.8. Gawa milo 6 ya ml 300: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku. Maji ya kusafisha mpira, ml 60 kwa kila mlo, yanaongeza ml 360, na ukijumlisha na maji yaliyomo kwenye chakula unafika karibu ml 1,800 kwa siku. Ndiyo ml 30 kwa kilo anazohitaji. Wakati wa joto au homa ongeza.

Usianze na ml 300 siku ya kwanza. Anza ml 100, panda kwa 50 kadiri tumbo linavyokubali.

Mayai mabichi kwenye maziwa, HAPANA. Najua wengi wanayasifia. Bakteria wa kwenye yai bichi hawana huruma kwa mtu aliyelala miezi miwili.

#5 Kitanda Namba Nne

Mtaalamu Lishe Moro, shukrani. Maswali mawili ya kikazi. Kwanza, gramu 100 za unga kwenye ujazo huo bado uji unakuwa mzito ukipoa, unagoma kushuka. Watu wanaongeza maji, hesabu yote inaharibika. Pili, lita ya maziwa kwa mzee ambaye hakuwa mnywaji wa maziwa inamharisha.

#6 Lishe Moro

La kwanza dawa yake ni kimea, kitu ambacho bibi zetu wanakijua vizuri kuliko sisi. Loweka mtama au ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu uchipue, uanike juani ukauke, SUGUA NA UPEPETE machipukizi na mizizi yote (kwa mtama hili ni lazima, machipukizi yake yana sumu ya sianidi), kisha saga. Pika uji mzito kama kawaida. Uepue upoe hadi unaweza kuugusa kwa kidole bila kuung'ang'ania, ni moto lakini hauchemki. Tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika 5 hadi 10 uji unalegea mbele ya macho yako, unakuwa kama maziwa, na nguvu yake haijapungua hata chembe. Vimeng'enya vya kimea vinakatakata minyororo ya wanga inayoshika maji. Ukitia kimea uji ukiwa unachemka unaviua na hakuna kitakachotokea. Uji ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena dakika 5, kwa sababu unga wa kimea una vijidudu vyake.

La pili, watu wazima wengi wa kwetu hawana uwezo mkubwa wa kuyeyusha sukari ya maziwa. Anza na nusu lita. Nusu nyingine iwe mtindi usiotiwa sukari, uliosagwa na kuchujwa, sukari yake ya maziwa imepungua. Au tumia unga wa soya uliokaangwa na kuchemshwa vizuri. Soya mbichi inazuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo usiitie mwishoni kama kiungo.

Ila kabla hujalaumu maziwa, tafuta sababu nyingine. Chakula kilitoka kwenye friji kikaingia kikiwa baridi? Kimeachwa mezani tangu saa ngapi? Kwa joto la Dar au Mombasa chakula cha kusagwa nyumbani kisizidi saa 2 nje; kwenye friji saa 24, kilichobaki mwaga. Kila mlo upashwe peke yake hadi uvuguvugu. Jagi la blenda likifunguliwa sehemu ya visu utashangaa kilichojificha chini ya raba. Bomba la sindano nalo lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya mlo, likaushwe likiwa limetenganishwa.

#7 Dawa na Dozi

Mfamasia hapa. Chakula kimeelezwa vizuri, na mimi nalia na dawa, kwa sababu ndipo mipira inapozibia na ndipo presha zinaposhuka ghafla.

Vidonge vyenye maneno kama "retard", "SR", "XR", "CR" visisagwe KABISA. Vimetengenezwa viachie dawa kidogo kidogo kwa saa 12 au 24, ukivisaga dozi yote inaingia kwa mkupuo. Nifedipini ya mg 20 ya aina hiyo imejaa kwenye madroo ya wagonjwa wa presha. Ukiisaga na kuimimina kwenye mpira wa mtu mwenye kiharusi presha inaanguka, ubongo uliokwisha kuumia unakosa damu. Mwombe daktari abadili iwe amlodipini, hiyo inasagika. Metformini (dawa ya kisukari) ya XR irudishwe kuwa ya kawaida.

Omeprazoli ya kapsuli ina chembechembe zilizofunikwa. Zikisagwa tindikali inaiharibu dawa, zikipitishwa nzima zinajipanga kwenye mpira kama mawe. Zipo aina zinazoyeyuka kwenye maji. Uliza duka la dawa.

Fenitoini (dawa ya degedege) inashikamana na chakula na hata na mpira wenyewe. Simamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na saa 1 hadi 2 baada ya dozi, vinginevyo degedege linarudi na watu wanaongeza dozi bure. Siprofloksasini (antibiotiki) ikikutana na maziwa inafungwa na kalsiamu, mwilini inafika kidogo. Nayo iachie nafasi.

Jinsi ya kutoa: kila dawa peke yake. Saga hadi iwe poda kama ya uso, koroga na maji ml 10 hadi 15, pitisha, fuata na maji ml 15, ndipo dawa ya pili. Dawa zote tano kwenye kikombe kimoja zinaunda tope. Usichanganye dawa ndani ya chakula, maana mlo ukikatishwa hujui alipata dozi gani. Na dawa za maji zenye utamu wa sobitoli, zikiwa nyingi kwa siku, zinaharisha zenyewe. Maziwa yanasingiziwa tu.

#8 Kitanda Namba Nne

Mkuu Dawa na Dozi, hapo kwenye kuziba. Mtaani dawa ni soda ya kola.

#9 Dawa na Dozi

Soda ina tindikali. Maziwa na mayai yakikutana na tindikali yanaganda, ni kama unavyotia limau kwenye maziwa ya moto. Kama kilichoziba ni chakula chenye maziwa unakiongezea saruji. Ndiyo sababu pia juisi ya chungwa au ukwaju haipitishwi mara baada ya maziwa bila maji katikati.

Tumia maji ya uvuguvugu, si ya moto, na bomba la ml 50 au 60. Vuta kwanza kilicho juu kitoke. Tia maji kiasi kinachoingia, sukuma na kuvuta kwa upole kama pampu, funga kifuniko uache dakika 20 hadi 30, rudia. Bomba dogo la ml 5 lina shinikizo kubwa mno, linaweza kupasua mpira ndani ya mwili. Waya au kijiti kisiingizwe. Mpira ukikataa kuzibuka mara tatu, peleka ubadilishwe.

Mpira usiotumika nao unaziba. Hata usiku pitisha maji ml 30 kila saa 4 hadi 6.

#10 Daktari wa Kata

Naingia na onyo moja zito, tafadhali lisomwe pole pole.

Mtu aliyekaa siku zaidi ya 5 bila kula chochote cha maana, halafu ghafla akapewa mchanganyiko wote wa Lishe Moro siku ya kwanza, anaweza kufa kwa chakula hicho. Mwili ulikuwa unaishi kwa mafuta na misuli. Wanga ukiingia kwa wingi insulini inapanda, na inasukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inabaki haina. Moyo unapiga ovyo, misuli ya kupumua inalegea, miguu inavimba, mgonjwa anachanganyikiwa. Ndugu wanasema "alikuwa anaendelea vizuri, tulishaanza kumlisha".

Asiyekula zaidi ya siku 5: siku 2 za kwanza asizidi nusu ya mahitaji yake. Aliyekonda sana, au aliyekaa siku 10 na zaidi: anza na kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, panda taratibu ufike mahitaji kamili kati ya siku ya 4 na ya 7. Aliyepitisha siku 15 bila kula, au ni mifupa mitupu: kilokalori 5 kwa kilo, na hiyo ni kazi ya wodini chini ya uangalizi wa moyo. Vitamini B1 mg 200 hadi 300 kwa siku ianze KABLA ya mlo wa kwanza na iendelee siku 10. Potasiamu, fosfeti na magnesiamu vipimwe panapowezekana, na virekebishwe sambamba na kulisha.

Kama huna mizani ya kumpimia mgonjwa asiyesimama, chukua futi ya fundi cherehani upime mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sm 23.5 ni dalili kwamba uzito wake ni mdogo kwa urefu wake. Pima kila wiki mahali palepale, andika ukutani pamoja na alama ya mpira.

Watoto wenye utapiamlo mkali wasiguswe na hesabu za uzi huu. Wao wana maziwa maalumu, F-75 yenye kilokalori 75 kwa ml 100, wanayoanzia wodini. Mpira unawekwa mtoto akishindwa kumaliza asilimia 80 ya maziwa yake milo miwili mfululizo.

#11 Mwalimu wa Wodi

Daktari, ubarikiwe kwa hilo. Nauliza kuhusu kupima mabaki tumboni kabla ya mlo. Wodi nyingi zinazuia mlo zikivuta ml 200. Miongozo ya karibuni inasema hata wodi ya wagonjwa mahututi isiwe desturi, na chini ya ml 500 mlo usisimamishwe kama hakuna dalili nyingine. Nyumbani tuwaambie nini?

#12 Daktari wa Kata

Nyumbani wasivute tumbo lote kila mlo. Wavute tone la kupima pH, basi. Wamtazame mtu mwenyewe: tumbo limejaa hewa na kukaza? Anacheua, ana kwikwi zisizokoma, ametapika? Ukiona hivyo ruka mlo mmoja, na uangalie kama amepata choo, kwa sababu kufunga choo siku 4 kunajaza tumbo kuliko chakula. Kilichovutwa kwa bahati kirudishwe, kina chumvi zake. Kikiwa chekundu au cheusi kama kahawa iliyosagwa, usirudishe, nenda hospitali.

#13 Lishe Moro

Nigusie mlo wa magonjwa mengine, maana wengi wa kiharusi wana kisukari au presha pia.

Kisukari: toa sukari ya mezani, unga ubaki, ongeza kijiko cha mafuta na karanga kufidia nguvu. Milo iwe kwa saa zilezile. Hatari kubwa ni insulini kuchomwa halafu mpira ukaziba au mlo ukacheleweshwa. Hakikisha mpira unapita KABLA ya kuchoma. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 mmol/L na mpira umethibitishwa, pitisha gramu 15 hadi 20 za sukari kwenye maji ml 100, pima tena baada ya dakika 15. Mpira ukiwa na shaka usimtie kitu mdomoni, kimbilia sukari ya mshipani.

Presha: chumvi yote ya siku chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai bapa, na hapo maziwa yana yake. Kubu za supu zisikaribie.

Figo: hapa usijipangie. Madafu, ndizi, nyanya, boga, mchicha uliosagwa na maji yake, vyote vina potasiamu nyingi, na ndivyo vinavyopewa wagonjwa kama "vya kuongeza damu na nguvu". Kikombe kimoja cha madafu kina miligramu 600 hivi. Mboga na viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe. Ile chumvi mbadala ya dukani mara nyingi ni potasiamu. Asiyesafishwa damu protini hupunguzwa hadi gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kilo, anayesafishwa hupandishwa 1.0 hadi 1.2, kwa hiyo kosa la kubadilishana karatasi za wagonjwa wawili wa figo ni kosa kubwa.

Ini: kunyima protini kwa hofu ya kuchanganyikiwa ni desturi iliyopitwa. Wanahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, milo midogo ya mara kwa mara, na mmoja usiku kabla ya kulala.

#14 Tiba ya Kumeza

Nimechelewa kufika, naomba nafasi kuhusu mdomo. Asiyekula kwa mdomo ndiye anayehitaji kupigwa mswaki zaidi. Mate yanakauka, utando unajengeka ulimini, bakteria wanaongezeka, usiku mate yale yale yanateremka mapafuni. Mpira hauzuii mtu kupaliwa na mate yake. Mswaki laini, dawa ya meno ukubwa wa punje ya harage, mara mbili kwa siku, akiwa ameinuliwa na kichwa kimegeuzwa ubavu. Maji ya kusukutulia yafutwe kwa kitambaa. Katikati ya siku lowanisha midomo na ulimi.

Kujua kama ameanza kumeza: awe macho, amekaa wima, anaweza kukohoa anapoambiwa. Mpe maji kijiko cha chai kimoja, ml 5. Gusa koromeo, lione linapanda. Mwambie aseme "aaa". Rudia hadi vijiko vitatu, kisha ml 50 kwa kikombe, kidogo kidogo. Akikohoa, akihema haraka, au sauti ikiwa ya majimaji kama anayeongea na maji kooni, simamisha. Jaribu tena baada ya siku moja au mbili, na mtaalamu wa kumeza amwone akiwepo. Wapo wanaopaliwa kimya kimya bila kikohozi, hivyo homa ya jioni na makohozi mapya vihesabiwe kuwa jibu pia.

Anayefaulu kidogo huanzia vinywaji vilivyoongezewa uzito. Kipimo rahisi: bomba la sindano la ml 10 (lile ambalo mistari yake kutoka 0 hadi 10 ina urefu wa milimita 61.5), ziba mdomo, jaza hadi 10, achia sekunde 10, ziba. Kikibaki chini ya ml 1 ni chepesi kama maji. ML 1 hadi 4 ni kizito kidogo mno, 4 hadi 8 ni kizito kidogo, zaidi ya 8 ni kizito cha wastani. Aliyeandikiwa cha wastani asipewe chai tupu "kwa kuonja".

#15 Kitanda Namba Nne

Asanteni nyote. La mwisho: mpira unatolewa lini, na anayekaa nao miezi?

#16 Muuguzi wa Zamu

Usiutoe siku aliyokunywa chai kikombe kimoja. Akila kwa mdomo theluthi mbili au zaidi ya mahitaji yake siku tatu mfululizo bila homa wala kikohozi, zungumza na daktari. Katika kipindi cha mpito punguza milo ya mchana ya mpira apate njaa, ya usiku ibaki.

Kuutoa: pitisha maji ml 30 kwanza, bandua plasta kwa mafuta, akunje kidevu kidogo, BANA mpira kwa vidole ili kilichomo kisidondokee kooni, mwambie avute pumzi na aishikilie, vuta kwa mwendo mmoja usiositasita. Kisha pua na mdomo visafishwe.

Ikionekana atahitaji mpira zaidi ya wiki 4 hadi 6, omba rufaa ya mpira wa tumboni, ule unaowekwa moja kwa moja kupitia ngozi ya tumbo. Hospitali kubwa za rufaa wanaweka. Hauchubui pua, hauonekani usoni, na mgonjwa haung'oi kirahisi usiku. Ukichomoka, tundu lake linaanza kujifunga ndani ya saa chache, kwa hiyo funika kwa kitambaa safi na uende hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke.